Boksi la gitaa la 1x12 kutoka Keko: mgongo ufungwe au uachwe wazi?

Haya wadau karibuni tena, leo sina utangulizi mrefu kwa sababu nimeshika bisibisi na nina hamu ya kuitumia. Dogo hebu zungusha kamera, hapo hapo, sawa. Hili ndilo lile boksi la gitaa mlilonisumbua nalo weee, spika moja ya inchi 12, limetoka kwa fundi seremala kule Keko, plaiwudi ya milimita 18, ndani kuna spika ya Celestion Vintage 30, ile tunayoiita V30. Mambo ya wati, yaani nguvu, na omu, yaani ukinzani wa umeme, mengi mnayajua, nitayagusa tu pale yanapoweza kukuunguzia amplifaya. Mimi leo nimekuja na jambo moja. Mgongo.

Maana ukiingia kwenye magrupu ya wapiga gitaa ugomvi wote ni wa spika, V30 au Greenback ambazo zote ni za Celestion, kampuni ya Celestion au Eminence au Jensen, watu wanatukaniana mpaka wazazi, halafu mtu huyohuyo anakwenda kununua boksi hata nyuma hajachungulia. Nyuma ndugu yangu! Koni ya spika ikisukuma hewa kwa mbele, kwa nyuma inavuta, ikirudi ni kinyume chake, kwa hiyo kuna sauti nzima inatoka nyuma ambayo lazima iende mahali, ama uifungie ndani ama uiache itoke itembee chumbani. Hapo ndipo boksi linapopata tabia yake. Spika ni ileile, weka kwenye maboksi mawili tofauti mgongo, utaapa nimebadilisha spika.

Sasa huyu fundi nilimwambia mgongo aukate vipande vitatu vya kulala, cha juu, cha kati na cha chini, kila kipande na skrubu zake, ili nikitaka nafungua, nikitaka nafunga. Hapa vimefungwa vyote vitatu. Hedi yangu, yaani amplifaya isiyo na spika ndani, ni ya tyubu ya wati 20, nobu nimeziweka katikati zote na sizigusi tena, mkiniona nagusa nizomeeni. Natuliza nyuzi kwa kiganja, uzi wa sita, naongeza uchafu kidogo, yaani distoshoni, sikiliza. Dug dug dug. Umesikia inavyokatika? Haina mkia. Unapiga, inagonga, inanyamaza. Hiyo ndiyo kazi ya mgongo uliofungwa, hewa ya ndani inaibana koni isiyumbe ovyo, besi inakuja imekaza, na sauti yote inatupwa mbele. Kwa mtu wa roki, mtu wa metali, hapa hatoki.

Ila njoo sasa upande huu, usimame pembeni ya boksi, dogo njoo na kamera usiogope waya. Mnasikia? Imefifia. Mtu wa dramu akiwa nyuma yako na boksi kama hili hasikii kitu zaidi ya muungurumo, anaanza kupiga kwa kubahatisha, halafu lawama kwako.

Haya, bisibisi kazini. Natoa kipande cha kati. Wakati nafungua niwape habari za chaneli, Jumamosi jioni kuna laivu, tutaongelea kebo, mje na maswali, na wale mnaouliza kwa nini video zimechelewa ni mambo ya maisha tu, tupo, ukisabskraibu haikupunguzii kitu. Hii skrubu nayo imekaza... haya imetoka. Kuna jambo hapa silipendi na nalisema palepale, fundi ameweka skrubu za mbao za kawaida. Boksi la kufunguliwa mara kwa mara haliwekwi skrubu za mbao, matundu yanachoka, linaanza kulegea, na kipande kikilegea ndio hii, ngoja niirudishe moja nusu nikuonyeshe, sikiliza napiga noti ya La ya chini. Bzzzzz. Umeisikia hiyo? Si spika imepasuka, ni ubao unatetemeka. Kuna watu wamebadilisha spika nzima kwa kelele kama hii. Kwa hiyo ukienda kwa fundi wako mwambie bolti na nati za kuzama, na hapo kwenye ukingo abandike utepe wa sponji. Gharama yake ndogo sana.

Kipande cha kati nje. Uchafu nimezima, sauti safi, napanda huku juu ya shingo nipige sebene kidogo.

Jamani.

Jamani jamani. Dogo umesikia? Chumba kimejaa. Ile ya kwanza ilikuwa inatoka pale kwenye kitambaa cha mbele, unaweza kuinyooshea kidole, hii iko kila mahali, inagonga ukuta wa nyuma inarudi, ina hewa, nyuzi za juu zinameremeta lakini hazichomi. Kwa muziki wetu huu wa dansi, wa rumba, wa kwaya, gitaa safi la solo linaloimba juu ya besi na ngoma, mimi naona hii ndiyo njia yake. Angalia tu amplifaya zinazosifiwa kwa sauti safi. Fender Twin Reverb, spika mbili za inchi 12, mgongo wazi. Roland JC-120 iliyotoka mwaka 1975, spika mbili za inchi 12, mgongo wazi. Hiyo haikutokea kwa bahati mbaya.

Lakini mgongo wazi una masharti yake na hapa wengi wanaumbuka. Tazama, nalisukuma boksi mpaka ligusane na ukuta. Napiga kitu kilekile. Imekuwa nzito, imeziba, ule mng'ao umekwenda. Sasa navuta mbele, hatua moja hivi... imefunguka. Navuta tena... hapo. Yaani umbali wa boksi na ukuta umegeuka kuwa nobu nyingine ya toni na huilipii hata shilingi. Halafu dogo simama pale, digrii tisini kabisa na boksi, pembeni. Besi imekwenda wapi? Imepotea, kwa sababu sauti ya mbele na ya nyuma zinakutana pale zikiwa kinyume, zinauana. Kwa hiyo mwimbaji wako akisimama pembeni pale atakwambia gitaa halina mwili, na wewe uliye mbele utabisha. Wote mna haki, msigombane.

Narudisha ule uchafu sasa, mgongo ukiwa bado wazi, natuliza nyuzi kwa kiganja. Dug... duguu... mnaona, hapa naanza kujikanyaga maana dakika mbili zilizopita nimesema hii ndiyo njia, lakini kwa distoshoni nzito chini kunayumba, ile kugonga imekuwa kupapasa. Kwa hiyo basi, kwa sauti safi mgongo wazi, kwa uchafu mzito mgongo uliofungwa, na ndio maana nang'ang'ania vipande vitatu. Orange PPC112 kwa mfano, boksi zuri sana, plaiwudi ya bechi ya milimita 18, V30 hiyohiyo, lakini mgongo umefungwa jumla, ni omu 16, imekwisha. Ukipiga roki nunua ulale. Ukiwa mtu wa kupiga kanisani asubuhi na ukumbini usiku, utaanza kutamani bisibisi.

Na msiniletee habari za 4x12, yale maboksi ya spika nne za inchi 12. Najua zinapendeza jukwaani. Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, ndiye aliyemtaka Jim Marshall, mwenye amplifaya za Marshall, amtengenezee boksi la spika nane mwaka 1965, likawa zito mno kwa wabebaji, ikabidi yawe mawili ya spika nne yanapandiana, na ndiyo picha tuliyokua nayo kichwani ya mpiga gitaa mkubwa. Sawa. Marshall 1960A ya leo ina kilo kama 36. Hiyo bodaboda hapakii, bajaji atakupandishia bei, na ukifika ukumbini wa mitambo anakuwekea maiki moja kwenye spika moja kati ya hizo nne. Zile tatu umezileta kutalii.

Tukija kwenye spika yenyewe, V30 naiheshimu lakini sijaoa. Kwanza ile 30 si wati, spika inabeba wati 60, watu wanaikataa bure. Ina desibeli 100 kwa wati moja kwa mita moja, maana yake inapiga kelele kwa nguvu ndogo, na hilo ni jambo la maana kwa mwenye amplifaya ndogo kwa sababu ukiilinganisha na Creamback, spika nyingine ya Celestion, ya wati 65 yenye desibeli 97, hizo desibeli 3 ni sawa na kama umeongeza wati za amplifaya mara mbili. Ila V30 ina kinundu kwenye sauti za kati za juu, inapenya kwenye bendi kweli, lakini ukisimama uso kwa uso na katikati ya koni kwa sauti safi inachoma sikio. Hebu dogo piga magoti hapo mbele uelekeze maiki katikati... kali eeh? Sogeza taratibu kwenda ukingoni mwa koni... imelainika. Sijagusa kitu. Spika ya inchi 12 inatupa trebo, zile sauti kali za juu, mbele kwa mstari mwembamba, ndio maana wewe uliyesimama huku juu unaona toni tamu na mzee aliyekaa kiti cha mbele anaziba masikio. Liinamishe boksi likuangalie usoni, au lipandishe kwenye kiti, utapunguza trebo mwenyewe bila kuambiwa.

Na tafadhali, usichukue spika ya muziki wa kawaida, ile ya disko yenye twita, ukaitia gitaa lenye distoshoni. Spika ya gitaa inakata pale kama hezi 5,000 makusudi, ikipita hapo distoshoni inageuka nyuki.

Sasa sehemu ya kuunguza. Amplifaya ya tyubu, omu za boksi na swichi ya nyuma ya hedi viwe sawa, 8 kwa 8, 16 kwa 16, na usiiwashe ukapiga bila spika kuchomekwa, transfoma inakufa. Ya transista ina kiwango cha chini cha omu, ukizidi omu unapoteza nguvu tu, ukishuka chini ya kiwango unaikaanga. Spika mbili za omu 16 ukiziunga sambamba unapata 8, ukiziunga mfululizo unapata 32 na hakuna hedi ya kawaida yenye hiyo. Wati za spika zizidi za amplifaya kwa nafasi, hasa tyubu maana ukiikamua mpaka mwisho inatoa zaidi ya ilichoandikwa, kwa hiyo Greenback moja ya wati 25 kwa hedi ya wati 50 ni kuomba msiba. Kebo iwe ya spika, ile nene. Kuna duka moja waliniuzia ya gitaa wakaniapia ni ya spika, nilipoifungua kichwa nikakuta uzi mwembamba umezungukwa na shildi, ule wavu wa waya wa kuzuia kelele. Fungua kichwa uangalie kabla hujalipa.

Bei, najua mnasubiri. V30 mpya peke yake huko nje inapita dola 150, bado usafiri na ushuru, kwa hiyo hapa spika ndiyo iliyokula hela, boksi la fundi ni sehemu ndogo. Msimkubalie fundi akiwaambia MDF, ile mbao ya unga ulioshindiliwa, ni rahisi zaidi. Kwa sisi wa Pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu ukiingia kwenye MDF inavimba, na skrubu za mgongo huu zikitolewa na kurudishwa zinabeba unga tu.

Kwangu mimi kipande cha kati kinabaki nje, nakiweka kwenye begi pamoja na bisibisi. Video ijayo natoa hii V30 naweka Greenback humuhumu na hedi ileile, sasa andikeni chini hapo mnataka nianze na mgongo wazi au uliofungwa, wengi watashinda, na dogo zima kamera kabla jirani hajaja maana lile La la mwisho limefika kwake.