TAHADHARI: Unatafuta laptopu ya kutengenezea app hapa Mbeya? Soma kabla hujatuma hela

Wadau, kuna jamaa anatangaza laptopu kwenye magrupu ya WhatsApp, kisha anakutana na wateja maeneo ya Mwanjelwa na Kabwe. Duka hana. Anawalenga wanachuo wanaojifunza kutengeneza app za simu, na lugha yao anaijua vizuri: "i7 kizazi cha nane, RAM 8, ukipata hela unaongeza mpaka 32." Hiyo i7 ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta; RAM ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, inahesabiwa kwa GB. Anataka laki nne na nusu. Ukisitasita, anakwambia kuna mtu yuko njiani kutoka Tukuyu anaifuata hiyohiyo.

Wiki hii dogo mmoja wa mtaani kwetu kaniletea ya kwake. Akifungua Android Studio, programu ya kutengenezea app za Android, feni inaunguruma, mshale unaganda, anabaki anaangalia tu. Ndani ya Windows inasomeka i7-8650U. Stika ya i7 ipo, inang'aa kuliko kava lenyewe. Nikaizima, nikaiwasha huku nabonyeza F1 mpaka nikaingia BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine unaotangulia Windows. Huko ukweli ukatoka: i5-4300U, kizazi cha nne, koa (viini vya prosesa) mbili badala ya nne. Nikaigeuza, chini kuna maandishi madogo, TYPE 20A7. Hiyo ni ThinkPad X1 Carbon ya 2014.

Ujanja wenyewe ni mdogo. Jina la prosesa unaloliona ndani ya Windows ni maandishi tu, yanabadilishika, na jamaa kaweka kijiprogramu kinachoyaandika upya kila mashine ikiwaka. Ila BIOS hakiigusi, ndiyo maana anakuja nayo ikiwa imeshawashwa. Ukiomba izimwe, eti betri iko chini na chaja kaiacha nyumbani.

Kinachoniuma zaidi ni ile ahadi ya kuongeza RAM. Kwenye X1 Carbon, ya mwaka wowote ule, RAM imechomelewa kwenye bodi. Hakuna pa kuchomeka nyingine. Google wenyewe wanasema 8 ni kiwango cha chini kwa Android Studio peke yake. Ukitaka na emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, 16. Sasa huyu dogo amenunua mashine ambayo haitafika huko hata akipata hela kesho, na fundi atakayemwambia "lete elfu themanini nikuongezee" naye ni wa kukimbiwa. Kwa sasa nimemwambia aachane na emuleta, app zake azijaribie kwenye simu kwa waya wa USB. Inapunguza mzigo.

Halafu Windows 11 iliyomo imelazimishwa. Kwa prosesa za Intel, Microsoft kwa kawaida wanaanzia kizazi cha nane.

Mkienda kununua kwa yeyote, si huyu tu, zimeni mashine muiwashe wenyewe. HP mnabonyeza F10, Dell F2, ThinkPad F1. Someni prosesa na RAM humohumo BIOS. Tarakimu ya kwanza baada ya "i5-" au "i7-" ndiyo kizazi: 8350U ni cha nane, 4300U ni cha nne (kuanzia cha kumi zinakuwa tarakimu mbili). BIOS ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, rudisheni mashine yake. Mnaotaka ya kuongezeka kweli, tafuteni ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5: zote zina nafasi mbili za RAM, zinafika 32, na SSD (diski ya kuhifadhia) inabadilishika. Angalieni herufi ya mwisho, maana T480s ni nyingine, RAM yake moja imechomelewa.

Na akikwambia hiyo laptopu ya Windows inatoa app za iPhone bila Mac, jua anabahatisha. Xcode, programu ya kutengenezea app hizo, inakaa kwenye Mac tu.

Namba ya jamaa sasa haipatikani. Dogo ana meseji ya muamala na amefungua RB kituoni. Kama na wewe uliuziwa ya hivi, usipige Windows upya kwanza, kwa sababu hayo maandishi ya uongo ndiyo ushahidi wako. Piga picha ukurasa wa Windows, piga na wa BIOS, piga na lebo ya chini, uende nazo polisi pamoja na mashine yenyewe.