Raketi ya mbao na raketi ya grafiti: tuwapime Laver, Borg na Djokovic kwa vyombo vyao

Habari zenu wapenzi wa tenisi, karibuni sana. Leo nina raketi mbili mezani. Hii ya mbao ni Dunlop Maxply Fort, aina aliyojulikana nayo Rod Laver, Mwaustralia aliyetamba miaka ya 1960. Hii nyingine, ya grafiti, yaani kaboni nyepesi na ngumu, ni Babolat Pure Aero, ya ukoo uleule wa raketi za Rafael Nadal na Carlos Alcaraz. Nimeziweka pamoja kwa sababu ubishi wa nani mkali wa wakati wote siku hizi unamalizwa kwa hesabu tu ya mataji ya yale mashindano manne makubwa (Australia, Roland Garros ya Ufaransa, Wimbledon na Marekani): Djokovic 24, Nadal 22, Federer 20, Laver 11, basi, imeisha. Haijaisha. Hebu kwanza tuone hao watu walikuwa wameshika nini mkononi.

Tuanze na ya mbao. Ina uzito wa karibu gramu 400 ikiwa na nyuzi. Tazameni hapa ubavuni, mnaona hii mistari? Ni tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kukunjwa. Kichwa chake ni kidogo, zaidi kidogo tu ya sentimita za mraba 400. Hii ya Babolat ina 645, na uzito wake ni gramu 300 kabla ya kufungwa nyuzi. Ziwekeni moja juu ya nyingine, hivi, muone kichwa cha mbao kinavyopotea ndani ya mwenzake.

Nimezipiga zote kwenye uwanja mmoja, kwa mipira ileile. Ya mbao ukiupata mpira katikati kabisa, raha yake haielezeki: mlio mzito, laini, na mkono hauumii. Lakini ukikosea kwa upana wa vidole viwili tu, mpini unazunguka kiganjani na mpira unafia kwenye wavu. Na hii ya grafiti? Mpira uleule, kosa lilelile, unavuka na kutua ndani. Kichwa kikiwa kipana, fremu haipinduki kirahisi. Kwa hiyo mkisema wachezaji wa zamani walikuwa wanapiga polepole, jaribuni kwanza kupiga kwa nguvu zote na chombo kisichosamehe.

Sasa nyuzi, na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Zamani mabingwa walifunga nyuzi za utumbo wa wanyama. Mwaka 1997 Gustavo Kuerten, akiwa nambari 66 duniani, alitwaa Roland Garros akitumia nyuzi za poliesta, na haukupita muda mrefu zikaenea. Nyuzi hizi mpira ukigusa zinateleza pembeni, kisha zinarudi mahali pake kwa kasi na kuuzungusha mpira. Ndiyo maana Alcaraz anaweza kuchapa kwa nguvu zake zote, mpira ukapita juu ya wavu halafu ukazama ghafla ndani ya mstari. Ukijaribu kuuparaza mpira namna hiyo kwa raketi ya mbao, mara nyingi unagonga fremu.

Na bado Björn Borg, Msweden wa miaka ya 1970, alifanya hivyo! Kwa mbao! Alifunga nyuzi zake kwa mkazo wa karibu kilo 36, hadi nyingine zikawa zinakatika zenyewe usiku raketi ikiwa imelazwa. Kwa raketi za namna hiyo alichukua Roland Garros mara 6 na Wimbledon mara 5 mfululizo. Baada ya kushika hii Maxply, hakuna mchezaji anayenishangaza kuliko Borg, na nalisema hilo nikiwaheshimu wote.

Wengine mtaniuliza, je, tungewapa wakali wa zamani grafiti ingekuwaje? Hatuhitaji kubuni, wapo waliovuka. John McEnroe alishinda Wimbledon mwaka 1981 kwa raketi ya mbao. Akahamia Dunlop Max 200G ya grafiti, akaishinda tena 1983 na 1984, na mwaka huo wa 1984 alimaliza msimu akiwa na ushindi 82 na vipigo 3. Kwa upande wa wanawake, Chris Evert alianza na mbao, akaja kutwaa Roland Garros za 1985 na 1986 kwa grafiti. Alishinda angalau taji moja kubwa kila mwaka kuanzia 1974 hadi 1986, na inanikera jina lake linavyosahaulika kwenye mabishano haya.

Laver naye tumtendee haki. Alifagia mataji yote 4 makubwa mwaka 1962, akageukia ulipwaji, yaani tenisi ya kulipwa, na kwa kuwa mashindano hayo yalikuwa ya wasiolipwa tu, akafungiwa mlango hadi 1968. Mashindano makubwa zaidi ya 20 yalimpita akiwa kwenye ubora wake. Ni kweli, mwaka 1962 walipwaji wakali kama Ken Rosewall hawakuruhusiwa kucheza. Lakini 1969 walikuwepo, na Laver akafagia yote tena. Kwangu huo wa 1969 ndio mwaka mzito kuliko wowote kwa wanaume. Kwa safari nzima nampa Djokovic, kwa sababu kila moja ya yale manne amelishinda si chini ya mara 3, na wapinzani wake walikuwa na vyombo vilevile.

Sasa, kama unataka kununua. Kwa kucheza kila wiki, chukua grafiti, lakini kama mkono wako haujakomaa usianze na poliesta, ni ngumu na inaumiza kiwiko. Ya mbao inunue kwa mazoezi ya kulenga mpira. Hakuna mwalimu mkali kuliko hiyo. Kabla ya kulipa, inua raketi usawa wa jicho uone kama fremu imepinda, kisha kagua ufa pale shingoni. Ifunge nyuzi kwa mkazo mdogo, na ukimaliza kucheza ibane kwenye kibanio chake, maana unyevu ndio unaopinda mbao.