Uzoefu wangu: kampuni iliyotuondolea kompyuta chakavu hospitalini

Nasimamia TEHAMA katika hospitali binafsi hapa Dar es Salaam. Mwaka huu tulilipa kampuni yenye kibali cha kukusanya taka za kielektroniki ituondolee mzigo uliojaza stoo: kompyuta za mezani, printa, UPS (vifaa vya betri vinavyoshikilia umeme unapokatika) na monita za chogo. Wazabuni wengine walitaka kununua kila kitu kwa kilo. Tuliwakataa. Kilo haikuambii diski imeishia wapi, na diski zetu zina majibu ya vipimo vya wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kuuza kompyuta hakutuondolei dhamana ya kuzilinda.

Kilichoniridhisha zaidi ni kazi ya diski. Walikuja na mashine kwenye gari, wakafanya kazi palepale kwenye maegesho, mkaguzi wetu wa ndani akiwa amesimama pembeni. Kila diski ilichomolewa, namba yake ikasomwa kwa skana, ndipo ikasagwa. Fundi wao alizitenga diski za SSD bila kuambiwa, zikasagwe vipande vidogo zaidi. SSD huhifadhi data kwenye chipu, kwa hiyo sumaku inayofuta diski za kawaida haizifanyi kitu, na chipu ikitoka nzima inaweza kusomwa. Hapo nikajua hawa wanaijua kazi.

Betri za UPS, kwa sababu ya tindikali, walizipanga wima kwenye makreti ya plastiki. Monita za chogo walitutoza moja moja. Mhasibu alinung'unika, lakini kioo chake kina madini ya risasi yenye sumu na wanaokihitaji ni wachache mno. Anayekubali kuzibeba bure ndiye wa kumtilia shaka.

Dosari zipo. Cheti chao cha kwanza cha kuthibitisha diski zimesagwa kilitaja uzito wa jumla tu, bila namba ya diski hata moja. Ilibidi tuwabane ndipo wakaleta orodha kamili, na tulipoilinganisha na rejesta ya mali, ikakaa sawa. Pia hawakutueleza vizuri bodi za kompyuta zinapelekwa nchi gani kuyeyushwa. Tangu Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa wa usafirishaji wa taka hatari, taka zote za kielektroniki zinazovuka mpaka zinahitaji ridhaa ya nchi inayopokea, hata zile zisizo za hatari.

Nitawaita tena, ila mkataba ujao utasema wazi: malipo ya mwisho hayatoki mpaka orodha ya namba na nyaraka za usafirishaji zifike mezani kwetu.