Necross wa filamu ya Mune: mlinzi wa jua aliyetaka jua liwe lake

Katika katuni zote nilizoangalia na watoto wa nyumbani kwetu hapa Mikindani, sijakutana na adui aliyenifikirisha kama Necross. Filamu yenyewe inaitwa Mune, ni ya Wafaransa, waongozaji wake ni Alexandre Heboyan na Benoît Philippon, na kwao iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2015. Huku kwetu haikuvuma kama zile za Wamarekani ambazo kila mtoto ana begi lenye picha zake. Mimi niliipata kwenye kibanda cha kuingiza muvi mjini Mtwara, kwa shilingi mia tano, na tangu hapo tumeirudia hadi watoto wanajua nani anaongea baada ya nani.

Kwa ambaye hajaiona, hii ni dunia ambayo jua na mwezi havikujileta vyenyewe. Hadithi inaanza na mlinzi wa kwanza wa jua, aliyerusha chusa angani, akalinasa jua, akalivuta hadi karibu ili viumbe wapate mwanga na joto. Kisha mlinzi wa mwezi akauvuta mwezi, watu wakapata usiku na ndoto. Jua na mwezi vimefungwa kwenye mahekalu makubwa mno, yanatembea kama wanyama, na kila hekalu lina mlinzi wake anayelipitisha duniani. Mlinzi akizeeka anakabidhi kwa mwingine. Siku ya makabidhiano, jua linakwenda kwa Sohone, kijana mwenye misuli na sifa nyingi, na mwezi unamwangukia Mune, kijana mdogo wa msituni, mwoga, ambaye hakuna aliyemtarajia. Aliyeandaliwa kwa kazi hiyo anaachwa pembeni na donge lake moyoni.

Hapo ndipo Necross anaposikia. Yuko chini ya ardhi, kuzimu, na ameona walinzi wapya ni wachanga. Anataka jua.

Mtoto wa mdogo wangu, wa darasa la tatu, ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi nimelibeba mpaka leo. "Mamkubwa, kwani hilo jua lilikuwa lake?"

Nikamwambia ndiyo na hapana. Necross alikuwa mlinzi wa jua. Alikaa pale juu, alilipitisha kila siku, watu wakapanda na kuvuna chini ya kazi yake. Kisha akaanza kuona kile alichokabidhiwa kuwa ni mali yake. Amana akaigeuza miliki. Huyu mtu anayeonekana kama jitu la mwamba mweusi lenye moto unaowaka ndani hakuzaliwa kuzimu, aliteremka. Ndiyo maana nasema waliotunga hadithi hii walifikiri sana. Adui wengi wa katuni ni wabaya kwa sababu hadithi inahitaji mbaya. Necross ni mbaya kwa sababu alikuwa na kazi njema kuliko zote, na akaipenda vibaya.

Nilipokuwa shule nilipenda sana masimulizi ya miungu ya jua, na kwa hiyo nilikaa mbele ya filamu hii nikilinganisha. Wamisri wa kale walisema Ra hupita kuzimu kila usiku ndani ya chombo chake, na joka Apep humvizia njiani ili jua lisichomoze tena. Hapa hapa Tanzania, Wairaqw wa Mbulu wanamtaja Looa, wa jua, mwenye huruma kama mama, na wale wa kuogopwa ni Neetlangw wanaokaa chini, kwenye maji na chemchemi. Kote huko mambo yamegawanyika waziwazi: jua upande mmoja, mwenye kulidhuru upande mwingine. Filamu ya Mune inakataa mgawanyo huo. Hatari ya jua imetoka hekaluni mwa jua lenyewe. Joka halikuja kutoka nje.

Na sisi wa kusini hatuhitaji kuelezwa sana jua ni nini. Kuanzia Oktoba, korosho zikianza kuokotwa, kila uwanja una mkeka au turubai la kuanikia, maana korosho mbichi huwezi kuipeleka ghalani. Chumvi ya pwani hii inapikwa na jua, maji yanaachwa kwenye majaruba mpaka yakauke. Ng'onda ni jua. Mbaazi ni jua. Kwa hiyo jua lilipoibwa kwenye filamu na baridi ikaanza kushika kila kitu, sebuleni kwetu palikuwa kimya kweli. Babu yetu mmoja wa Tandahimba, aliyekuja kutibiwa macho na akawa anakaa nasi, alikuwa anasikiliza zaidi ya kuangalia. Akauliza, "Sasa huyo aliyelichukua, analianikia nini huko chini?" Watoto wakacheka, ila Babu hakuwa anatania. Alitaka kujua. Na jibu ni kwamba Necross halianikii chochote. Hana shamba wala watu wa kuwapa joto. Analitaka tu liwe kwake, lisiwe kwa wengine. Babu akatikisa kichwa, akasema, "Basi huyo shida yake ni kugawa."

Naandika haya kwa kirefu kwa sababu kopi niliyopewa mara ya kwanza karibu ituharibie yote. Ilikuwa ile iliyotafsiriwa na dijei, yaani msimulizi anayeongea Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Mimi naiheshimu kazi hiyo, nimekulia enzi za Lufufu, yule dijei maarufu wa muvi, na wazee wengi wasingeingia kabisa kwenye dunia ya filamu bila wale watu. Lakini dijei wa kopi hii alizungumza juu ya masimulizi yote ya mwanzo. Alisalimia maduka, akataja marafiki zake, na hadithi ya walinzi ikapita chini ya sauti yake bila mtu kuisikia. Necross alipotokea akamwita shetani wa kuzimu, basi. Watoto wakamwogopa kama wanavyoogopa jini lolote, na mkubwa wao akaniambia hii katuni ni ya kawaida tu. Kwa kopi ile alikuwa sahihi. Ukimwondolea Necross historia yake, umebakiwa na jitu linalounguruma.

Nilirudi kibandani nikaomba ya sauti halisi. Kijana wa pale alikuwa muungwana, akatafuta akaipata ya Kiingereza, hakunitoza tena. Usiku huo nilikaa mimi mwenyewe na kuwasimulia watoto sentensi kwa sentensi, nikisimamisha pale panapohitaji. Ilikuwa filamu nyingine kabisa. Yule yule aliyesema ni ya kawaida akaanza kubishana nami kuhusu Sohone, na kwa kweli alikuwa na hoja.

Hoja yake ilikuwa hii: Sohone anafanana na Necross. Niliposikia nikairudisha nyuma, tukaangalia upya. Sohone, mlinzi mpya wa jua, anajipenda. Anataka atazamwe, anaongea kana kwamba jua linawaka kwa sababu ya kifua chake. Anamdharau Mune waziwazi. Ukiwaweka pamoja, unaona Sohone yuko mwanzoni mwa njia ile ile aliyoipita Necross hadi kuzimu. Wanaojua mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, watanielewa: lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, akiingia uwanjani watoto hutawanyika, lakini mtu mzima anajua chini ya kinyago kile kuna mtu wa kijijini, amekula nasi jana. Necross ni kinyago kikubwa, na aliye chini yake angeweza kuwa Sohone. Filamu haisemi hivyo kwa mdomo. Inakuonyesha Sohone akilazimika kutembea na wenzake wawili wadogo, dhaifu, bila jua lake, na inakuachia uone kama atabadilika. Sitasema kama anabadilika.

Wa tatu katika safari ni Glim, binti wa nta. Usiku unapoingia anagandishwa na baridi hawezi kusogea, na joto likizidi analainika na kuyeyuka. Baba yake anamzuia kutoka nje. Kwa ajili ya Glim, jua si zawadi tupu hata likiwa mikononi mwa mlinzi mwema, linahitaji kupimwa. Nimependa sana kwamba wametia mtu wa namna hii kwenye hadithi ya jua. Mwenye kujua mambo kuliko wote watatu ndiye jua linaweza kummaliza, na bado anakwenda kulitafuta.

Sasa malalamiko yangu. Necross amenyimwa muda. Filamu haifiki hata saa moja na nusu, na vijibwana viwili anavyovituma, Mox na Spleen, vimepewa vichekesho vingi kuliko bwana wao alivyopewa maneno. Watoto wanavipenda, sawa. Lakini mimi nilitaka kumwona Necross akiwa bado hekaluni. Nilitaka siku moja tu ya kazi yake ya zamani, asubuhi moja anapolipitisha jua juu ya watu na watu hawainui hata kichwa kumshukuru. Hapo ningeelewa kidonda kilianzia wapi. Badala yake tunaambiwa tu kwamba aliharibika, kisha tunakutana naye akiwa tayari ni moto na ukelele. Sehemu ya mwisho nayo inakimbia. Jambo zito kama lile lilihitaji kutulia, nao wakalimaliza haraka kama gari linalowahi kivuko.

Mengine ni mazuri. Michoro imetengenezwa kwa kompyuta, na mle ndani ya ndoto inageuka kuwa ya mkono, bapa, kama kitabu cha picha. Watoto waliitambua tofauti hiyo mara moja. Muziki ni wa Bruno Coulais, yule aliyefanya wa Coraline, na una sauti za kwaya ambazo nimezipenda. Anayeelewa Kifaransa atamsikia Omar Sy kwenye sauti ya Sohone. Rangi za upande wa mchana ni za dhahabu na za upande wa usiku ni za buluu, na kuzimu kwa Necross ni nyeusi na nyekundu, kwa hiyo hata mtoto asiyefuata maneno anajua tuko wapi.

Kama unamtafutia mtoto filamu ya kumwambia "usiwe mchoyo", tafuta nyingine, hii haihubiri. Inafaa zaidi kwa mtoto aliyeanza kuuliza kwa nini watu wazuri wanaharibika. Nyumbani kwetu maswali yaliendelea mpaka kesho yake njiani kwenda shule: kama Necross angeomba msamaha angerudishiwa hekalu? Nani anayemchunga mlinzi? Kwa nini hawakumwona mapema? Niliwajibu nilichoweza. La pili niliwarudishia wao, na mkubwa akasema labda mlinzi wa mwezi ndiye amchunge wa jua, na wa jua amchunge wa mwezi. Nimelifikiria jibu hilo nikaona linakaa vizuri na mwenendo wa filamu yenyewe, maana kosa linaingia pale kila mmoja anapomwona mwenzake hana kazi.

Nikiipa alama, naipa nne kwa tano, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya Necross, si kwa ubaya wake bali kwa walivyomwacha nusu.

Ukienda kibandani, mwombe anayekuwekea akufungulie dakika za mwanzo kabla hajakuingizia kwenye flashi, usikilize kama masimulizi yanasikika. Ukikosa isiyo na dijei, chukua yenye maandishi ya Kiingereza chini na uwe tayari kuwasimulia. Wa chini ya miaka mitano wakae na mkubwa, kwa sababu sehemu za kuzimu zina giza na Necross ana sauti nzito. Ukiwa na sabufa, ipunguze.