Kingamwili ya GATA1: makini kwa protini ndefu, kipofu kwa fupi

Kwa miezi kadhaa nimetumia kingamwili inayotambua GATA1, protini inayoongoza unukuzi wa jeni wakati seli shina za uboho zinapokomaa kuwa chembe nyekundu za damu au megakariositi, zile seli kubwa zinazomeguka na kutoa chembe sahani. Katika kazi ya kawaida sina malalamiko: mikrolita moja katika mililita moja ya bafa yatosha, na protini za seli za K562, seli za lukemia (saratani ya damu) zinazokuzwa maabara, zikishatenganishwa kwa ukubwa katika jeli na kuhamishiwa kwenye utando, mstari mweusi hujitokeza karibu na kilodaltoni 47 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini), pembeni pakiwa safi.

Taabu ilianza nilipopima seli za CMK, zilizotokana na mtoto mwenye sindromu ya Down aliyeugua lukemia ya megakariositi. Utando ulitoka mweupe pe. Nilirudia mara tatu, nikiishuku kwanza jeli, kisha mikono yangu mwenyewe.

Kumbe seli hizo hazikosi GATA1, bali zina umbo lake fupi liitwalo GATA1s. Kwa wagonjwa wa aina hii, mabadiliko ya jeni, mengi yakiwa katika ekzoni ya 2 (kipande cha pili cha jeni), huzuia protini ndefu isitengenezwe, na ribosomu, mashine za seli zinazounga protini, huanzia methionini, asidi amino ya 84 katika mnyororo, hivyo asidi amino 83 za mwanzo hukosekana. Protini inayobaki, ya kilodaltoni 40 hivi, ina vidole vyake vyote viwili vya zinki, mikunjo ya kushikia DNA, na bado huishika DNA, lakini bila kipande hicho cha mwanzo haiwezi kuzuia megakariositi changa zisiongezeke kupita kiasi, wala haikuzi chembe nyekundu ipasavyo. Kingamwili yangu ilitengenezwa ishike kipande hicho hicho kisichokuwepo.

Karatasi ya maelezo imeandika kwa herufi kubwa kwamba bidhaa hutambua GATA1 ya binadamu, huku sehemu inayoshikwa ikitajwa kwa herufi za sisimizi ukurasa wa mwisho. Kwa anayechunguza lukemia hii, huo si upungufu mdogo, kwa kuwa utando mtupu unaweza kusomwa kana kwamba jeni imezimika kabisa.

Naipa nyota tatu kati ya tano, na anayeinunua aiambatanishe na kingamwili inayoshika mwisho wa protini. Nilipofanya hivyo, CMK zilionyesha mstari wao wa 40, na hata K562 zikatoa mstari hafifu mahali pale pale, ambao kwa miezi yote ile sikuwahi kuuona.