Milango ya ndani ya nyumba ya mawe: utengeneze uliopo au ununue mpya?

Kabla hujamwita seremala akupimie milango mipya, piga magoti mbele ya ule wa zamani. Chukua msumari, uchokoe shubiri moja kutoka sakafuni: miguu ya miimo (nguzo za wima za fremu) kwanza, kisha pembe za chini za kila upande wa mlango. Halafu simama, uchokoe usawa wa kifua na juu karibu na kizingiti cha juu. Dakika tano hizo ndizo zitakazoamua ununue nini.

Nyumba tuliyoirithi Mji Mkongwe, Unguja, ina milango tisa ya ndani. Fundi wa kwanza alitushauri tuing'oe yote. Tulipochokoa tukakuta saba imeoza chini tu. Kutoka magotini kwenda juu msumari ulikuwa hauingii. Miwili ndiyo iliyokuwa imeliwa kweli kweli. Tungemfuata, tungetupa mbao ambazo leo ni shida kuzipata, na milango mipya nayo ingeoza pale pale, maana ugonjwa ulikuwa ukutani.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, unene wake kama nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji kutoka ardhini, na chokaa huyaachia yakauke kwa hewa. Ukiupiga plasta ya saruji, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda na chumvi yake, na mguu wa mwimo ndio unaoyapokea. Ongeza na sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya ile ya zamani mpaka miguu ya fremu imezikwa, na maji ya kudeki kila asubuhi, ndipo utaelewa kwa nini uozo huanzia chini. Kwa hiyo pesa ya kwanza iwe ya chokaa. Bandua saruji kuzunguka fremu, shubiri mbili hivi kila upande, upige plasta ya chokaa, na uhakikishe mguu wa mwimo haukuzikwa ndani ya saruji. Bila hilo, mlango wowote nitakaoutaja hapa ni hasara.

Chaguo la kwanza, na linaongoza kwa mbali, ni kuutengeneza mlango uliopo. Sehemu iliyooza inakatwa mpaka kufikia mbao nzima, mkato uwe wa mshazari, kisha kinaungwa kipande cha mbao ya jinsi ile ile kwa gundi na vijiti vya mbao. Seremala anayetaka kujaza tundu kwa puti au saruji, mshukuru umwache aende. Puti haishiki mbao iliyooza, na nyuma yake maji hukaa.

Kama mlango wako ni wa pande mbili, wenye mfaa katikati (ubao wima unaofunika pale pande hizo zinapokutana), andika kwa chaki upande upi ni dume na upi ni jike, kama mafundi wanavyoziita, na umetoka chumba gani, kabla haujatolewa. Mingine ya zamani haina bawaba kabisa: ubao wenyewe una ncha juu na chini zinazozunguka ndani ya matundu ya kizingiti cha juu na cha chini. Milango hiyo haitoki kwa kulazimishwa. Nimeona kizingiti kizuri kimepasuliwa kwa mtaimbo na kijana aliyekuwa na haraka, na roho iliniuma kwa wiki nzima.

Rangi inahitaji subira. Milango ya ndani ya nyumba hizi kwa kawaida haina nakshi nyingi kama mlango mkuu wa mbele, lakini imepakwa rangi mara kumi, na rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiipige msasa mkavu na usiichome kwa moto, khasa kama nyumba ina watoto au mja mzito. Lowesha, kwaruza, kusanya maganda yote kwenye mfuko. Wapo wanaotumbukiza mlango mzima kwenye kostiki soda. Rangi hutoka kweli, lakini na gundi ya maungio hulegea, na mbao hubaki imekauka kama mfupa. Ukimaliza kukwaruza, paka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) mara mbili tatu, kila mara ukiacha yakauke. Matambara uliyotumia yatandaze nje yakauke au yaloweke majini. Yakikunjwa na kuachwa kwenye kona yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti.

Na jambo moja la majira. Mlango unaobana wakati wa masika usiurande. Mbao imevimba kwa unyevu, na kaskazi ikifika itasinyaa, nawe utabaki na mwanya wa kupita mjusi. Subiri kiangazi, uone kama bado unabana.

Chaguo la pili ni mlango mpya uliotengenezwa na seremala kwa kufuata kigezo cha ule wa zamani. Ndivyo tulivyofanya kwa miwili yetu. Hapa kinachonunuliwa ni mbao, na usiiache iwe siri ya fundi. Mninga unatulia sana, haupindi ovyo, na mimi ndio ninaoupendekeza kwa vyumba vya ndani. Mkongo, ambao Lamu na Mombasa wanauita mbambakofi, ni mzito na mgumu kwa patasi, lakini mchwa wanauogopa. Uchukue kwa vyumba vya chini. Mvule ni mzuri pia. Msaji, yaani mtiki, una jina kubwa kuliko wote, ila angalia unauziwa nini: miti michanga ya mashamba ya kupandwa ina mbao nyingi nyeupe ya pembeni, na weupe huo hauna nguvu ya kiini. Sheria ni hiyo hiyo kwa miti yote: chukua kiini, kataa weupe, maana wadudu huanzia hapo. Mwembe usinunue kwa mlango, hata ukipewa bei ya kuhurumiwa.

Halafu ukavu. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi ya unene. Mlango mzuri wa ndani una unene wa kama inchi moja na nusu, kwa hiyo mbao iliyopasuliwa mwezi uliopita haikufai, hata ikiwa inang'aa. Kama fundi hana mbao kavu, nunua wewe mapema, uipange nyumbani kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na mlango uje baadaye. Taka maungio ya ulimi wa mbao unaoingia tunduni, si skrubu na misumari. Bawaba na skrubu ziwe za shaba. Chuma cha kawaida kwa hewa yetu ya bahari hutoka kutu, na kutu hiyo hula mbao iliyo jirani.

Mlango wa zamani kutoka nyumba nyingine nauweka wa tatu, ingawa kwa sura mara nyingi unaupita ule mpya. Mbao yake imekauka miaka mingi na haitapinda tena. Lakini haukukatwa kwa kipimo chako: ukiupunguza unaharibu maungio, na ukiupanua ukuta unabomoa mawe. Tena ulizia umetoka wapi. Kila mlango unaouzwa umeacha tundu mahali, na nyumba nyingi za mji huu zimevuliwa milango yake namna hiyo. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha nyumba iliyobomoka au iliyotengenezwa kwa kibali, mwachie. Kuhusu kibali, nyumba zilizo ndani ya Mji Mkongwe ziko chini ya mamlaka ya hifadhi iliyoundwa 1985, na Lamu wenye kauli ni Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Nenda kaulize kabla ya kung'oa, hata kama ni mlango wa ndani.

Na si kila tundu linataka mlango. Katika nyumba za kale za Lamu, msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili ndefu zinazofuatana, zilitenganishwa na nafasi pana iliyofungwa kwa pazia, hewa ikapita. Kama una nafasi kama hiyo na fremu haionyeshi alama ya bawaba wala tumbuu (kipete cha kufungia mlango), huenda hapakuwahi kuwa na mlango. Nunua kitambaa kizuri kizito, ubakishe pesa.

Mwisho kabisa, milango ya flashi, ile ya ubao mwepesi wenye uwazi ndani. Ni rahisi kuliko yote na inapatikana leo leo, lakini unyevu wa masika unaifumua pembe za chini, na ikifumuka haitengenezeki. Inauzwa kwa vipimo vya nyumba za matofali, wakati matundu yetu ni membamba na hakuna mawili yanayolingana. Alumini au plastiki nakubali chooni peke yake, na hapo ni pale ambapo mlango wa asili ulishapotea zamani.

Ukishaamua, pima kila tundu juu, katikati na chini, maana kuta hizi hazikunyooka; mpe fundi kipimo kidogo kabisa, na mwanya wa milimita tatu kila upande. Malipo yagawe mara tatu: wakati wa kununua mbao, siku ya kuufunga mlango, na fungu la mwisho masika yakishapita na mlango bado unafunga. Fundi wetu alikubali bila kunung'unika, na mwezi wa Juni alikuja mwenyewe kuikagua kabla hatujampigia simu.