Cherehani ya zamani: ipi ununue, na utajuaje ni ya mwaka gani

Kabla hujatoa hela, futa kichwani hii imani kwamba kikiwa cha zamani basi ni dhahabu. Singer walitengeneza mamilioni ya mashine, kwa hiyo cherehani yenye miaka mia mara nyingi ni ya kawaida kabisa, na anayekutajia bei ya kutisha kwa sababu ya umri tu anabahatisha. Mimi yangu ya kwanza muuzaji aliapa ni ya 1880 na kitu. Nimefika nayo nyumbani, mgongo unauma maana kile chuma si mchezo, nikafuta vumbi nikakuta namba ya mashine inaanza na Y. Miaka ya 1920 au mwanzoni mwa miaka ya 1930, basi, nimepigwa.

Kwa hiyo tuanze na namba. Kwenye Singer nyingi iko upande wa kulia juu ya kitako, chini ya nguzo. Ikiwa tarakimu tupu bila herufi mbele, mashine ni ya kabla ya 1900, kuanzia 1900 ndio wakaanza kuweka herufi, na herufi inakwambia pia kiwanda. F na Y ni Clydebank, Uskoti, F ikitangulia Y. G ni Elizabeth, New Jersey, kuanzia 1910 hivi mpaka 1924, halafu hapo zikaja herufi mbili mbili, AA na kuendelea. Ukiona EA, EB, EC mpaka EG hivi, hiyo ni Clydebank tena, kuanzia katikati ya miaka ya 1930 kwenda mbele. Ila elewa kwamba namba zilitolewa kwa mafungu, mwaka unaoupata ni wa fungu kupangiwa namba, sio lazima ndio siku mashine ilitoka kiwandani.

Watu wanakosea wapi? Wanasoma namba ya kipuri. Ukiona neno SIMANCO na tarakimu pembeni, hicho ni kifupi cha jina la kampuni na namba ya kipande hicho tu, haikwambii mwaka. Namba ya mota nayo usiihesabu. Na zile tarehe za hataza (patent) zilizochorwa kwenye bamba, ile ya mwisho inakwambia tu kwamba mashine haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, inaweza ikawa imetengenezwa miaka ishirini baadaye. Beji nayo inadanganya kidogo, ile iliyoandikwa 1851-1951 ni ya kusherehekea miaka mia ya kampuni, usije ukauziwa kama cherehani ya 1851, na kuna wanaojaribu kweli!

Bila namba, fungua chini utazame uzi wa chini unabebwaje. Kama kuna kichuma cha umbo la mtumbwi kinachokwenda kushoto na kulia, hiyo ni teknolojia ya zamani zaidi. Kama ni umbo la risasi na bobini (kibeba uzi wa chini) nyembamba ndefu, ikichezacheza kwa upinde, ni kizazi kilichofuata, ingawa hizo ziliendelea kutengenezwa muda mrefu tu hata wakati bobini za duara zilishakuwepo.

Sasa ipi ununue. Kwa mtu anayetaka kushona kweli, namba moja kwangu ni Singer 201. Inaendeshwa na gia, hook (ndoano ya chini inayodaka uzi wa sindano) inazunguka mzima mzima, inarudi nyuma, na ni kimya kiasi kwamba unaweza kudhani haifanyi kazi. Nzito, ndio.

Ya pili ni 15, na sababu yangu ni vipuri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajapani waliiga hii modeli kwa wingi, bobini na kesi yake unapata kirahisi, na hata hizo za Japani zenyewe ni ngumu. Ukikuta imeandikwa Made in Occupied Japan umepata mwaka bure, ni kati ya vita kuisha na 1952.

Ya tatu 66, au mdogo wake 99 kama hutaki kubeba. Bobini unaidumbukiza juu, rahisi. Angalia tu 66 za mwanzo za Marekani, mguu wa kubana kitambaa unafungwa kwa nyuma na sio pembeni, miguu ya kawaida haikai.

221, ile ndogo ya alumini ya kilo tano hivi iliyoanza 1933, nzuri sana ila wanaoipenda wameipandisha bei, naiweka ya nne kwa hilo tu. Halafu 27 na 28 za risasi, nakshi zake zinavutia, inashona vizuri, ila nyingi hazirudi nyuma na ukipoteza ile risasi umeishiwa.

Mwisho kabisa ni Singer New Family, iliyoanza 1865, na zile za kushona mnyororo kama Willcox & Gibbs. Hizo nunua kwa mapenzi. Sindano zake sio hizi za bapa upande mmoja ambazo modeli zote za juu zinatumia, utazitafuta mpaka uchoke.

Ukiwa mbele ya mashine zungusha gurudumu kwa mkono. Ikigoma usikate tamaa, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda, matone machache na subira ya siku mbili inaachia. Iliyopasuka chuma cha kitako ndio achana nayo. Waya za mota zikimeguka ukizikunja usichomeke kwenye umeme hata kwa kujaribu. Na nakshi za dhahabu usizifute na spiriti, vanishi yake inayeyuka na maua yote yanabaki kwenye kitambaa chako.